Mjadala: Theluji ikizidi, kulungu wa Utah na Wyoming walishwe au waachwe?

Mleta mada
Wadau, majira ya baridi ya 2022/23 yaliwaumiza vibaya kulungu baghala, wale wenye masikio makubwa wa magharibi ya Marekani. Kila mwaka hushuka kutoka milimani kuja kujihifadhi kwenye vilima vya chini, na mwaka ule theluji iliwafuata hukohuko. Katika kundi la Wyoming Range, karibu ndama wote waliovishwa kola za kufuatilia walikufa. Utah nayo ilianza kugawa peleti (chakula cha mifugo kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo) kaunti ya Rich mwezi Januari 2023. Wapo wanaotaka ulishaji huo uwe wa kawaida, na wapo wanaosema unaua kuliko njaa. Mnasimama wapi? Na tuje na vinavyopimika, huruma tunayo wote.

TumboNne
Napinga, na naanzia tumboni. Kulungu huyu si ng'ombe mdogo. Rumeni yake, yaani tumbo la kwanza la mnyama anayecheua, ni ndogo kwa mwili wake, na anachagua: ncha za vichaka, machipukizi, majani laini. Bakteria walio tumboni mwezi Januari ni wale wa kusaga vichaka, na kuwabadilisha huchukua wiki mbili hadi tatu. Ukimwagia mahindi mnyama aliyekonda, wanga unachacha kwa kasi, asidi inapanda, kuta za rumeni zinaungua, anakufa kwa siku chache. Ukimpa marobota ya alfalfa iliyokomaa, yenye mashina magumu, anajaza tumbo asichoweza kukisaga. Mizoga ya namna hiyo imepasuliwa mara nyingi: tumbo limejaa pomoni, uboho wa mfupa wa paja umegeuka mwekundu na majimaji kwa sababu mafuta yameisha. Yaani amekufa njaa huku ameshiba.

Mwananchi anayerusha nyasi nyuma ya nyumba yake hajui lolote kati ya hayo, na ndiye wa kwanza kuanza kulisha.

Mleta mada
TumboNne, mbona Samburu kwenye ukame wa 2022 pundamilia wa Grevy walipewa nyasi kavu na ikawasaidia?

TumboNne
Pundamilia hacheui. Anasaga nyuzinyuzi kwenye utumbo mpana, na nyasi ngumu ndicho chakula chake cha kila siku. Alipewa alichokizoea, basi. Mlinganisho wa haki ungekuwa kumpa swala twiga robota hilohilo.

GuniaLaJanuari
Mkuu, umeshambulia mahindi na alfalfa, na hapo hatubishani. Ila idara za wanyamapori hazigawi hivyo. Peleti za kulungu hutengenezwa mahususi: protini ya kutosha, nyuzinyuzi za kusagika, wanga mdogo. Colorado ilizitumia bonde la Gunnison msimu wa 2007/08. Na kwenye jaribio la nyanda za juu za Uncompahgre, hukohuko Colorado, kulungu waliopewa peleti za kutosha walivusha ndama wengi zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo usemi kwamba chakula hakiokoi si kweli.

Kinachoharibu kazi ni utaratibu. Unaanza mapema, wakati wanyama bado wana mafuta mgongoni, siyo siku wanapoonekana wamelala barabarani. Kiasi ni kama kilo moja kwa mnyama kwa siku. Usimwage rundo moja: majike wakubwa wanalizingira na ndama, ambao ndio uliowakusudia, wanabaki pembeni wakipigwa kwato. Weka vifungu vidogo vingi kwenye mstari mrefu, viwe vingi kuliko wanyama, na uhamishe mstari kwenda theluji safi kila siku. Mahali pawe na vichaka jirani ili waendelee kuchanganya, na pawe mbali na barabara kuu. Ukishaanza, usikatize hadi kijani kitokeze. Kulisha wiki tatu halafu bajeti ikaisha ni ukatili.

TumboNne
Umeeleza vizuri, na ndiyo maana naogopa. Uncompahgre lilikuwa jaribio la kupima kama lishe ndiyo inayobana kundi lisiongezeke. Jibu lilikuwa ndiyo, inabana. Hilo ni hoja ya kuboresha malisho kabla ya kuwa hoja ya magunia.

Halafu kuna CWD, ule ugonjwa wa kudhoofika unaokula ubongo. Ulionekana kwanza 1967 kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti Colorado, Utah ukagunduliwa 2002, Idaho 2021. Hauna chanjo wala tiba. Protini yake mbovu hutoka kwenye mate, mkojo na kinyesi, na hukaa udongoni kwa miaka. Kuhamisha mstari kila siku kunapunguza mate juu ya mate, sikatai, lakini bado umewakusanya mamia kwenye bonde moja kwa miezi miwili.

GuniaLaJanuari
Theluji yenyewe inawakusanya. Ikipita nusu mita hawawezi kutembea, wanabanana kwenye miteremko inayotazama kusini, ambako jua huyeyusha mapema. Lakini nakubali hili: eneo ambalo CWD imeshathibitishwa, magunia yabaki ghalani.

MfugaVilimani
Mnapigania Januari wakati mambo yameamuliwa Julai. Kulungu anaingia baridi akiwa na mafuta ya kiangazi, na lishe ya vilimani kazi yake ni kupunguza kasi ya kukonda tu. Hata mwenye bahati huishia kupoteza kama moja ya tano ya uzito wake.

Vinavyompunguzia kasi hiyo ni vichaka viwili hasa. Kuna artemisia, jamaa wa ile inayolimwa Arusha kwa dawa ya malaria: ina protini nzuri katikati ya baridi, lakini mafuta yake makali huwazuia bakteria wa tumboni, kwa hiyo haifai kuliwa peke yake. Cha kuchanganya nayo ni purshia, na hapo ndipo ng'ombe anaingia. Mei na Juni ng'ombe anafuata nyasi mbichi, purshia haigusi sana. Anapopunguza nyasi, maji ya udongo yanabaki kwa kichaka, na matawi ya mwaka huo yanarefuka. Nyasi zikikauka, kwa kawaida kuanzia Julai, anageukia purshia na kula zilezile ncha ambazo kulungu angezihitaji Januari. Kwa hiyo ng'ombe waleule, eneo lilelile: wakitoka mwishoni mwa Juni wamesaidia, wakikaa hadi Septemba wameiba. Wanaotaka ng'ombe waondolewe kabisa, na wafugaji wanaosema ng'ombe hana athari, wote hawaangalii kalenda.

MbeguNaMoto
Nakubali nusu. Malisho ya Mei kila mwaka kwenye kipande kilekile huua nyasi za kudumu, maana zinaliwa zikiwa zinatunga suke. Nafasi hiyo inashikwa na bromus, nyasi ya mwaka mmoja iliyotoka Ulaya na Asia. Hukauka mapema na kuwaka kama karatasi, na baada ya moto hurudi yenyewe kwanza. Artemisia kubwa haichipui kutoka kwenye kisiki, ikiungua imekufa. Mbegu zake nyingi huanguka ndani ya mita chache tu kutoka kwa mama, kwa hiyo katikati ya eneo kubwa lililoungua hakuna cha kuota. Hapo kulungu amepoteza nyumba ya miongo kadhaa. Kipande kimoja kisiliwe majira yaleyale miaka miwili mfululizo.

MfugaVilimani
Mzunguko huo naupokea. Na kwenye maeneo yaliyokwisha kuungua unapanda nini?

MbeguNaMoto
Wengi hukosea hatua tatu. Kwanza, mbegu za artemisia hufukiwa. Ni ndogo mno na zinahitaji mwanga: zimwage juu ya udongo mwishoni mwa vuli au juu ya theluji, kisha zikandamizwe kidogo. Nunua za msimu huo, maana ghala la kawaida huziua ndani ya miaka michache, na ziwe za aina ndogo ya mwinuko huohuo. Aina ya mlimani ikipelekwa kwenye kilima kikavu huota na kufa. Pili, purshia hupandwa masika, wakati mbegu yake inahitaji baridi ya miezi ili iamke. Ipande vuli, kina cha sentimita moja hadi mbili na nusu, na tegemea panya kuchimbua nyingi. Tatu, dawa ya magugu. Indaziflamu huzuia bromus kuota kwa misimu kadhaa, lakini huzuia pia mbegu ulizomwaga wewe. Ipeleke kwenye malisho ambayo bado yana vichaka na nyasi za kudumu, siyo kwenye majivu matupu. Mahali penye mvua chini ya milimita 300 kwa mwaka, panga bajeti ya kupanda zaidi ya mara moja.

GuniaLaJanuari
Na wakati vichaka hivyo vinakua miaka 20, kundi linakula nini?

MbeguNaMoto
Linakula ambacho hakijaungua, mradi linaweza kukifikia. Kuna kulungu wanaosafiri kama kilomita 240 kutoka Red Desert hadi Hoback, Wyoming, wakivuka uzio baada ya uzio. Waya wa chini ukiwa sentimita 40 kutoka ardhini ndama anapita chini. Wa juu usizidi 107, na kati ya waya mbili za juu iachwe nafasi ya 30, vinginevyo mguu wa nyuma unasokotwa hapo na mnyama ananing'inia mpaka afe. Kurekebisha kilomita moja ya uzio ni kazi ya mara moja, gunia unalinunua upya kila theluji. Hata hivyo, kama idara ina peleti sahihi, eneo halina CWD na vichaka vyote vimefunikwa, mimi sitasimama mlangoni kuizuia.

TumboNne
Mimi nitasimama. Kaunti ya Rich haikuwa na vifo vya CWD vya kuogopesha 2023, lakini ni nani anapima kila mzoga kabla ya kufungua gunia la kwanza? GuniaLaJanuari, kwenye utaratibu wako hukuweka upimaji popote. Uweke, utaje na idadi ya sampuli, ndipo tuendelee.