Bwawa la Nyerere limekamilika: ruzuku iende kwenye mitungi ya gesi au majiko ya umeme?

MwakaWaKwanza
Wadau, habari za asubuhi. Nasoma uhandisi mwaka wa kwanza, na kwenye somo la nishati na mazingira mwalimu katupa hesabu ambayo naibeba kichwani tangu juzi. Bwawa la Nyerere lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Zingezunguka kwa nguvu zote saa 8,760 za mwaka, tungepata gigawati-saa zaidi ya 18,500. Makadirio ya mradi ni kama 5,900 tu, kwa kuwa maji ya Rufiji hayaji sawasawa mwaka mzima. Hata hivyo ni umeme mwingi. Mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, ila mtaani naona mitungi tu ndiyo inagawiwa, na gesi yake inanunuliwa nje kwa dola. Hoja yangu: ruzuku ihamie kwenye majiko ya umeme, hasa yale ya presha. Kilo ya maharage inaiva kwa nusu uniti hivi. Nisahihisheni.

Kipanga
Dola gani mkuu? Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974, na bomba la Mtwara limeshafika Dar. Gesi ni yetu.

FundiMita
Kipanga, usichanganye. Ya Songosongo na Mnazi Bay ni methani. Inapita kwenye bomba kwenda mitambo ya umeme, viwandani na nyumba chache. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja kwa meli. Methani huwezi kuishindilia kwenye mtungi wa kilo 6 ikawa kimiminika kwa joto la Dar, ndiyo maana haiuzwi kwenye mitungi hiyo. Dogo yuko sahihi.

MamaSufuria
Mwanangu MwakaWaKwanza, soma ufaulu, lakini uje na Tandika uone. Mimi ni mama lishe. Maharage yangu si kilo moja, ni sufuria namba kubwa, nabandika saa kumi alfajiri. Kibanda hakina mita. Nikivuta waya kwa mwenye nyumba, uniti ananiuzia kwa bei anayoitaka yeye. Na mwezi uliopita nilijaribu jiko la umeme la dada yangu, umeme ukakatika saa nne asubuhi, maharage yamepasuka lakini hayajaiva. Wateja wa saa sita hawasubiri. Nikawasha mkaa.

Mzalendo_Asilia
Watu hamna shukrani. Tumejenga bwawa kwa fedha zetu, trilioni 6.5 na ushee, huku dunia nzima ikitupigia kelele za pori la Selous. Leo mgawo umekwisha, mnaanza kuhesabu uniti za maharage. Na wasije tena wale wa mafuriko ya Rufiji ya 2024. Watu wamejenga kwenye mkondo wa mto halafu wanataka mto uwapishe.

BintiMuhoro
Mzalendo, hilo la mkondo ulirudishe mdomoni. Sisi ndio wale.

Hatukujenga mkondoni. Tunalima bondeni kwa sababu chakula kiko bondeni. Masika yakiisha, maji yakishuka, yanaacha tope jeusi, na mahindi yanatoka kwa unyevu wake bila tone la mvua. Ndiyo kilimo cha mlau. Unatoboa kwa mti, unaingiza vidole kupima, chini panakuwa pa baridi wakati juu jua linachoma. Babu yangu alihamishwa bondeni kwenye Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, akapelekwa juu. Kila msimu alirudi akajenga dungu lake, akalinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Aprili 2024 maji yalikaa juu ya mahindi yetu mpaka yakaoza yakiwa wima. Mbuzi wanne tuliwapandisha dunguni. Usiniambie habari ya mkondo.

Mzalendo_Asilia
Pole kwa mahindi, dada. Lakini serikali ilieleza wakati ule kwamba ni mvua za El Niño. Bwawa halinyeshi mvua. Mkiambiwa mhame hamtaki, msimu ukija mnalia.

BintiMuhoro
Nimeandika wapi kwamba bwawa limenyesha mvua? Nisome. Nimekujibu neno moja tu, mkondo. Unamwita mkulima mjinga halafu unampa pole ya mahindi.

FundiMita
Tulieni kidogo. Bwawa linapunguza kilele cha mafuriko pale tu lina nafasi tupu. Lilianza kujazwa Desemba 2022. Masika ya 2024 yalikuta maji yameshajaa, kwa hiyo yanayoingia lazima yatoke. Hapo hoja inakuwa ya uendeshaji: unashusha maji kiasi gani kabla ya masika, na nani anaambiwa mapema. Mwenye umeme anataka bwawa lijae, maana urefu wa maji ndio nguvu ya mashine. Mwenye shamba anataka liwe na nafasi. Wote wawili wana haki, na hesabu ya megawati haiwezi kuamua peke yake.

Mzalendo_Asilia
Fundi, sasa unataka tuzime taa Dar kwa ajili ya mlau?

BintiMuhoro
Hakuna aliyesema hivyo! Na mimi nina taa. Ndugu zangu wa Dar nao wana taa. Naongelea chakula cha wilaya nzima.

Kipanga
Mnaacha kubwa kuliko yote. Machi 2025 tuliambiwa tutanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa ajili ya Kaskazini. Megawati 2,115 zinaenda wapi?

FundiMita
Zipo, tatizo ni njia. Kutoka Rufiji mpaka Chalinze kuna laini ya kilovolti 400, lakini Arusha bado ni mbali, na waya unakula umeme kwa kuupasha moto. Upotevu unafuata mraba wa mkondo wa umeme, yaani mkondo mara mkondo. Ukipandisha volti mara mbili kwa nguvu ileile, unashuka mara nne. Ndiyo maana jirani anaweza kuwa nafuu kuliko bwawa lako mwenyewe.

Kipanga
Ungejibu hivyo tangu mwanzo tungeelewana. Wakubwa wanatuambia "upotevu" bila kutuonyesha mraba.

MwakaWaKwanza
Shikamoo mama MamaSufuria. Nimepiga tena hesabu. Kilo ya mkaa ina kama megajuli 30, kwenye jiko la bati labda moja ya tano tu ndiyo inafika kwenye sufuria, yaani 6. Uniti moja ni megajuli 3.6, na kwenye jiko la presha nyingi inabaki ndani. Kwa hiyo uniti mbili zinaweza kushindana na kilo ya mkaa. Na hiyo kilo moja, kwenye tanuri la udongo, imekula kilo sita mpaka kumi za mti. Ila mita sikuihesabu. Wala umeme kukatika.

MamaSufuria
Marahaba mwanangu. Bei nayo uihesabu. Wa majumbani wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi wanapata kwa shilingi 122. Mimi nikipikia biashara navuka, naingia kwenye 356. Hiyo ruzuku unayoitaka, mimi nisiwekewe kwenye jiko. Niwekewe kwenye mita ya kibanda na bei ya uniti, jiko nitanunua mwenyewe kwa kijumbe.

Mzalendo_Asilia
Binti, neno la mkondo nalifuta. Sikujua habari za mlau. La kuhama nabaki nalo.

BintiMuhoro
La kufuta nimelipokea. La kuhama, babu alishahama.

Lakini Fundi, kuna kitu hujakigusa. Lile tope jeusi lilikuwa linatoka juu na mto. Sasa linatua ndani ya bwawa. Maji yanayotufikia yatakuwa meupe, na tope ndilo mbolea yetu. Huko chini kwenye mikoko ya delta kuna wavuvi wa kamba, nao wanaishi kwa mto huohuo. Baba yangu ana mbegu ya mahindi kwenye mtungi wa udongo, kaifunga kwa jivu. Kaniuliza maji yatafunguliwa mwezi gani ajue atoboe lini. Kama kuna mwenye ratiba, aiweke hapa nimsomee.