Krismasi tunapeana zawadi Moshi, naombeni mchezo wa kuchangamsha

mama_wawili
Wakuu habari za jioni. Mwaka huu ukoo mzima tunapanda Moshi kwa bibi, tiketi za tarehe 22 tumeshakata maana disemba mnaijua ile barabara, na tutakuwa kama watu 17 kuanzia bibi mwenyewe miaka 80 na kitu mpaka mtoto wa mdogo wangu yuko darasa la pili. Mwaka jana tulipeana zawadi pakawa pamepoa yani, mtu anaitwa jina, anapokea, asante, anakaa. Kibaya zaidi sisi wa Dar tulileta mahotipoti na mablanketi mazito, wenzetu wanaoishi pale kijijini wakaleta sabuni na sukari, nikamwona shangazi anasukuma mfuko wake chini ya kiti ili usionekane. Iliniuma sana mpaka leo. Nataka mchezo watu wacheke na zawadi isijulikane katoa nani. Nani amewahi kufanya?

kibo_75
Dada sisi kazini tunacheza ule wa kunyang'anyana, Wamarekani wanauita White Elephant. Kila mtu analeta kitu kimoja kimefungwa gazeti bila jina, bei mnakubaliana kabla, sisi ni elfu kumi haizidi hata mia. Vyote mezani, mnaokota vikaratasi vya namba. Namba moja anachagua anafungua watu wote waone. Namba mbili ama achukue kingine mezani ama amnyang'anye namba moja, na aliyenyang'anywa anaenda kuchukua kingine, mnaendelea hivyo hivyo mpaka namba ya mwisho. Kitu kikishanyang'anywa mara tatu hakiguswi tena, hiyo sheria msiiache la sivyo mtakesha. Mwishoni namba moja anaruhusiwa kubadilisha na mtu, kwa sababu yeye alipoanza hakuwa na wa kumnyang'anya. Mwaka juzi watu wazima tuligombania chupa ya chai mpaka bosi akasimama juu ya kiti.

bint_tanga
Kazini sawa kaka, ila nyumbani nani atasimama amnyang'anye bibi? Na huyo wa la pili akichukuliwa mdoli wake sherehe imeisha hapo.
Mama wawili sisi huku Tanga Idd pili tukikusanyika tunatumia vitendawili. Maboksi yanakaa katikati ya mkeka. Mwenye zamu anasema kitendawili, wote tega, anatega, wa kwanza kujibu anachukua boksi. Mkishindwa si mnajua kawaida yake mtegaji anaomba mji, nipe mji, mnampa Bagamoyo anakataa mnampa Mombasa anakubali ndio anatoa jibu. Sasa sisi badala ya mji anaomba boksi, lolote analotaka hata kama liko mapajani kwa mtu. Hapo wazee hawashikiki! Bibi yangu siku moja alimaliza na maboksi sita wengine hatuna kitu, tukamzunguka tunambembeleza, akayagawa upya mmoja mmoja kwa mkono wake huku anamwambia kila mtu neno lake. Mimi nilipewa doti ya kanga, bado ninayo na siivai hovyo.

mwalimu_mstaafu
Vitendawili ni vizuri lakini watoto watachoka mapema, anzeni na kushoto kulia. Mnakaa duara, kila mmoja kashika boksi, mtu mmoja anasoma kisa. Likitajwa neno kushoto maboksi yote yanahamia kwa jirani wa kushoto, likitajwa kulia yanahamia kulia. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinawabana watu, maana kulia iko ya mkono, iko ya machozi na iko ya chakula. "Mzee akakata kushoto mpaka shambani, akakuta mgomba umeangukia upande wa kulia, mtoto akaanza kulia, mama akatafuta pa kulia ugali." Inayohamisha boksi ni ya mkono tu, anayehamisha kwa machozi au kwa ugali anaingia kati anaimba. Andika kisa ukurasa mmoja, weka maneno hayo kama mara 20, anza taratibu halafu ongeza mwendo. Kisa kikiisha boksi lililo mkononi ndilo lako. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzie na aliyeleta sabuni hajulikani.

mama_wawili
Mwalimu ubarikiwe, hicho kisa nakiandika leo leo. Nimeshaongea na wadogo zangu bei iwe elfu tano kwa wote na wa Dar asizidishe hata kama anazo, vyote tufunge gazeti moja. Maboksi ya watoto tunayatenga kwa ule mchezo wa kushoto kulia, ya wakubwa ndio vitendawili jioni bibi akishapata mbege yake kidogo. Ila bint Tanga, bibi na shangazi vitendawili vyao ni vya Kichaga, nusu yetu tuliozaliwa Dar tunasikia salamu tu, si tutashindwa vyote?

bint_tanga
Ndio vizuri sasa! Waacheni watege kwa Kichaga, mkishindwa toeni maboksi. Na shangazi mpe zamu ya kwanza.