Mjadala: Wizi wa zabuni jeshini wachunguze wanajeshi wenyewe?

Mchokonozi: Wakuu, mnamkumbuka Leonard Mnene wa Singapore? Alihudumia meli za kivita za Marekani bandarini: kunyonya maji taka, mafuta, matagi (boti za kuvuta meli). Ankara zimetiwa chumvi. Alikiri kuiba dola milioni 35, na maafisa aliwalainisha kwa hoteli na wanawake. Waliomnasa ni wapelelezi wa jeshi hilohilo la majini, NCIS. Kwetu inawezekana?

PwaniHuru: Mbona husemi ndani ya NCIS kulikuwa na Beliveau, aliyempelekea Leonard mafaili ya kesi yake mwenyewe? Akala miaka 12. Hao ndio wa kuigwa?

Mchokonozi: Malizia basi. Walipojua kuna anayevujisha, wakaweka ripoti za uongo kwenye mfumo kwamba uchunguzi umekwisha. Jamaa akapumua, akapanda ndege hadi San Diego, Septemba 2013. Pingu.

KifaruMstaafu: Mwanajeshi hanunuliwi kwa hoteli. Tumekula maharage yenye wadudu na hatukuuza nchi.

BiMkora: Shikamoo afande. Admirali Gilbeau alifungwa kwa kesi hiyohiyo, naye si mwanajeshi?

KifaruMstaafu: Marahaba. Huyo wa kwao.

Nyayo254: Wa kwenu Tanzania walinunua rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, paundi milioni 28, mkarudishiwa chenji ya kununua madawati 😂

BiMkora: "Wa kwenu" nani? Nilikuwa darasa la nne! Halafu Mkenya mwenye Anglo Leasing, mikataba ya usalama na kampuni hewa, anacheka nini?

Nyayo254: Anglo Leasing ilifichuliwa na Githongo, Mkenya aliyesimamia maadili serikalini. Rada yenu ilichunguzwa na Waingereza.

KifaruMstaafu: Na rushwa haikuthibitishwa! BAE walikiri kutotunza mahesabu tu, 2010.

PwaniHuru: Afande, dalali kalipwa dola milioni 12 na ushee. Jaji mwenyewe aligoma kuamini ni ujira wa ushawishi tu.

Mchokonozi: NCIS wengi wao ni raia, hawavai gwanda. Nilitaka tufike hapo.

BiMkora: Subiri kwanza. Hayo madawati ya chenji ya rada nani aliyaona? Shuleni kwetu tulikaa chini mpaka namaliza.

KifaruMstaafu: Kwetu yalikuja. Na vitabu.

BiMkora: Kwenu wapi? Taja wilaya.

KifaruMstaafu: Siwezi kutaja, sababu za kiusalama.

Nyayo254: 😂😂 Madawati ya siri!