Vitambaa vya nyuzi za kaboni kwenye boriti: moto ukizuka itakuwaje?

Swali
Ndugu wahandisi, mkandarasi amependekeza tuimarishe boriti sita za zege kwa kuzibandika vitambaa vya nyuzi za kaboni kwa gundi ya epoksi, kwa kuwa sakafu itabeba mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa awali. Muuzaji anasisitiza kwamba kaboni haishiki moto kirahisi. Je, hilo linatosha?

Jibu la 1
Muuzaji ameusifia uzi, akanyamaza kuhusu gundi. Epoksi inayokaukia kwenye hewa ya kawaida huanza kulainika katika selsiasi 50 hadi 80 hivi, ilhali katika jaribio la tanuri la ISO 834, kiwango cha kimataifa cha kupima uwezo wa kuhimili moto, joto hupita selsiasi 500 ndani ya dakika 5. Kitambaa huachana na zege kabla hakijaungua. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, hutaka boriti ya zamani, hata kitambaa kikipotea chote, iweze kubeba angalau mzigo wa kudumu (uzito wa jengo lenyewe) mara 1.1 pamoja na mzigo wa matumizi (watu na vitu) mara 0.75. Daini hesabu hiyo kwanza. Habari za rangi ya kuzuia moto zije baadaye.

Jibu la 2
Naongezea kwamba plasta nene ya vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, ina faida, ila anayefaidika zaidi ni nondo na zege la ndani, kwani gundi hupita kiwango chake cha kulainika mapema mno.

Jibu la 3
Mimi hukagua kazi hizi, na kinachonisumbua mara nyingi si moto bali maandalizi. Nondo iliyoanza kutu ikifunikwa, huendelea kuvimba na kulisukuma zege nje pamoja na kitambaa chake. Kitambaa kikishabandikwa, gonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: pakilia kama debe tupu, gundi haikushika. Kaboni isigusane na chuma, maana penye unyevu chuma huliwa upesi. Wakikuletea nyuzi za kioo badala yake, ujue kwamba zile za kawaida hudhoofishwa na alkali ya zege, na nje jua huichubua resini, yaani gundi inayoshika nyuzi, mpaka nyuzi zikaonekana.

Muuliza
Ahsanteni. Hesabu nimeipata: boriti mbili hazifikii kiwango hicho zikiwa peke yake. Hizo nitaomba ziongezewe nondo na zege, nne zilizobaki zikaguliwe kutu kwanza, na zikishabandikwa zigongwe.