Çatalhöyük: nyumba hazina milango, walikuwa wanaingiaje?

Kijana wa Mabatini: Wakuu nimesoma kuhusu Çatalhöyük kule Uturuki, wakulima wa kama miaka 9,000 iliyopita, nyumba zimebanana hadi hakuna hata kichochoro, sasa walikuwa wanapita wapi?

Mama Sangara: Juu ya paa mdogo wangu, unashuka na ngazi, na moshi wa jiko unatokea tundu hilohilo. Wafu wanazikwa chini ya sakafu palepale wanapolala, mimi siwezi aisee.

Mdau wa Nyegezi: Ngano, shayiri na kondoo walikuwa navyo ila chuma hakuna. Wakulima wa huku kwetu Ziwa Victoria, wale wa vyungu vya kale vinavyoitwa Urewe, vyenye kishimo kitakoni, ni kama miaka 2,500 iliyopita na chuma walikuwa wanayeyusha.

Kijana wa Mabatini: Shukrani. Na wezi je, si unavuta ngazi tu unalala 😂