Walimu mnaofundisha kwa kompyuta na projekta, naomba mwongozo wa kuanzia

MwalimuWaGrafu

Habarini za kazi walimu wenzangu.

Nafundisha hisabati sekondari na nimekuwa mtu wa chaki miaka yote. Sasa shuleni tumepata projekta moja na kompyuta mpakato moja, tunazitumia kwa zamu. Tulipewa mafunzo ya siku moja, na siku nzima ikaishia kwenye slaidi: kubadilisha rangi, kuingiza picha, kufanya maandishi yaingie yakizunguka. Namna ya kufundisha somo lenyewe haikuguswa.

Nilipo sasa ni hapa. Natayarisha slaidi za mistari nyoofu, naonyesha, darasa linatulia, wote wanakopi. Kwa anayepita dirishani kila kitu kinaonekana sawa. Lakini nikiandika y = 2x + 3 na y = 2x − 1, kisha nikauliza mistari hii inakutana wapi, wengi wanakimbilia kuchora jedwali la thamani au kuanza kukokotoa. Hawaoni kwamba mteremko ni ule ule, kwa hiyo haitakutana kamwe. Wakati wa chaki tupu ilikuwa hivyo hivyo. Projekta haijasogeza kitu.

Darasa langu lina zaidi ya wanafunzi hamsini, hawana vifaa vyao, na intaneti ni ya kubahatisha. Sihitaji orodha ya programu, nimeshaona nyingi. Naomba mtu anieleze yeye akisimama mbele ya darasa anafanya nini, hatua kwa hatua.

---

Kijana_TEHAMA

Mwalimu, jaribu Kahoot. Maswali yanaonekana ukutani, wanafunzi wanabonyeza majibu, darasa linachangamka sana. Na video za Khan Academy zipo za kutosha kwenye hisabati.

---

Mama Vekta

Kijana, Kahoot ni nzuri, lakini kwa kawaida kila mwanafunzi au kila kikundi kinahitaji kifaa na intaneti iliyo hai. Mwenzetu amesema hana vyote viwili. Na video mwanafunzi ataitazama kwa utulivu ule ule anaotazama slaidi.

MwalimuWaGrafu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu mada uliyoitaja ndiyo niliyoanza nayo mimi, na bado kila mwaka naifundisha nikiwa na hamu.

Pakua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, siku intaneti inapokubali, uiweke kwenye kompyuta. Ni ya bure kwa mwalimu na mwanafunzi. Markus Hohenwarter aliianza kama kazi yake ya chuo kikuu kule Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu mwanzo ililenga darasa. Ukishaisakinisha inafanya kazi bila mtandao.

Fungua, andika y = m*x + c, ambapo m ni mteremko na c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y. Weka hiyo alama ya kuzidisha au acha nafasi kati ya m na x, maana bila hivyo matoleo mengine yanadhani mx ni herufi moja. Programu itakutengenezea vitelezi viwili, yaani vitufe vya kusogeza ili kubadilisha namba, kimoja cha m na kingine cha c. Kwa kawaida vinaanzia −5 hadi 5. Kabla ya kwenda darasani ongeza unene wa mstari na ukubwa wa maandishi, halafu nenda kasimame ukuta wa nyuma uangalie kama unasoma namba. Watu wengi wanapuuza hili, na mwanafunzi wa nyuma anapoteza kipindi kizima.

Sasa darasani. Usiguse kitelezi mpaka wamesema kitakachotokea. Kazi yote iko hapo, mwalimu, ndiyo maana nalisisitiza. Weka m = 1 na c = 0. Waambie: nitaongeza c iwe 3, kila mmoja achore kwenye daftari lake mstari utakavyokuwa. Subiri. Pita katikati ya madawati uangalie. Utakuta walioupandisha mstari ukabaki na mwinamo wake, na utakuta walioufanya mkali zaidi, kwa kuwa kichwani mwao namba ikikua mstari unasimama. Hao wa pili ndio uliowatengenezea kipindi. Kwenye slaidi usingewajua.

Mimi nabandika karatasi kubwa nyeupe ukutani, mwanga wa projekta unaangukia pale. Mwanafunzi mmoja anakuja kuchora utabiri wake kwa penseli juu ya mhimili unaoonekana. Wa pili anakuja kuchora wake tofauti. Darasa linaanza kubishana. Hapo ndipo unasogeza c taratibu, na mstari unapanda mbele ya macho yao mpaka unakaa juu ya penseli ya mmoja wao. Sijawahi kuhitaji kuwanyamazisha wala kuwachangamsha dakika hiyo.

Halafu m. Waulize m ikiwa sifuri mstari utakuwaje. Wengi watasema utapotea, kwa sababu sifuri kwao ni "hakuna". Usogeze, ulale bapa, uwaache wautazame. Wakishapumua, peleka upande wa hasi. Mwishoni uliza: m iwe ngapi ili mstari usimame wima kabisa? Watasema 5, utaweka 5. Watasema 100, badilisha mipaka ya kitelezi uweke 100. Utaonekana kama umesimama, ila ukivuta picha karibu na mahali unapokata mhimili, ukikuza upande wa x zaidi, bado umeinama. 1,000, vile vile. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hakuna namba ya hiyo." Alikuwa sahihi kabisa, na alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuniamini siku nilipowaeleza kwamba mstari wa wima unaandikwa x = a na mteremko wake hauna thamani.

Swali lako la mistari miwili liweke mwishoni. Andika y = m*x + 3 na y = m*x − 1, zote zitumie m ile ile. Sogeza m utakavyo. Wataona mistari inazunguka pamoja bila kugusana. Kisha zima projekta, rudi ubaoni na chaki, waandike kwa nini.

Na maandishi usiyasome. Kama slaidi ina aya na wewe unaisoma kwa sauti, mwanafunzi anasoma na kusikiliza kwa mpigo na vyote viwili vinagongana. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelifanyia utafiti jambo hili kwa miaka mingi: picha pamoja na maelezo ya sauti humfundisha mtu vizuri kuliko picha, sauti na maandishi yale yale vikiwekwa pamoja. Ukutani weka picha, maneno yabaki mdomoni mwako.

---

Bi_Saketi

Nakubaliana na Mama Vekta kwa asilimia zote. Mimi ni wa fizikia na utaratibu ni huo huo.

Kwetu sisi kuna PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Majaribio mengi ya PhET unaweza kuyapakua moja moja kama faili, unalifungua kwenye kivinjari bila intaneti. Nayahifadhi kwenye flashi.

Ninalolipenda ni lile la kuunda saketi. Naunganisha betri na balbu mbili zinazofanana, moja baada ya nyingine kwenye waya ule ule. Nauliza: ipi itawaka zaidi? Karibu kila mara wengi wanachagua iliyo karibu na betri, kwamba inakula umeme kwanza na nyingine inabakiziwa. Nawaacha watetee. Kisha nafunga swichi na zote mbili zinawaka sawa. Naweka ameta, kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, inasoma namba ile ile mahali pote. Hapo wazo la "kula umeme" linaanza kutikisika.

Ila nikiwa na balbu na waya halisi natumia halisi kwanza. Kwenye skrini waya haulegei na betri haichoki, na mwanafunzi anatakiwa akutane na hivyo pia.

---

ChakiBado

Nasoma kwa makini, na naheshimu mnachofanya, lakini niseme la upande wa pili. Mmesahau muda. Kubeba projekta, kutafuta waya, kufunga mapazia, kompyuta kuamua kujisasisha, umeme kukatika. Kipindi ni dakika arobaini, robo inaishia kwenye maandalizi. Mtaala haupungui. Na hayo ya kutabiri kwanza naweza kuyafanya kwa rula ndefu ubaoni.

---

Mama Vekta

ChakiBado, la muda ni kweli. Natumia projekta pale tu penye kitu kinachobadilika ambacho chaki haiwezi kukibadilisha mbele ya macho. Kwa mwezi ni vipindi vichache, na siioni kama kasoro. Nachaji usiku, nawasha kabla kengele haijalia, kompyuta nimeizuia kujisasisha saa za kazi, na mchoro ninao pia kwenye simu kwa sababu GeoGebra ipo ya simu. Umeme ukikatika baada ya wao kuchora utabiri, kipindi hakijafa: wana hoja zao kwenye daftari na tunaendelea na rula yako.

Na rula ukiitumia hivyo, mwalimu, mimi nitakuja kuketi darasani kwako nijifunze. Utabiri ndio unaofundisha. Kitelezi kinasaidia kwa sababu kinapita kwenye thamani zote za katikati, hakirukiruki kutoka mchoro hadi mchoro.

---

MwalimuWaGrafu

Mama Vekta, shikamoo. Nimejaribu.

Karatasi nyeupe niliibandika, wakaja wawili kuchora. Wa kwanza aliinua mstari, wa pili akaufanya mkali zaidi. Nilipouliza darasa nani yuko sahihi, kelele ikawa kubwa hadi mwalimu wa jirani akachungulia. Ile ya sifuri imetokea kama ulivyosema, mmoja alisimama akasema kwa uhakika mstari utafutika. Nilifurahi sana, sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia darasa hili likitetea jambo la hisabati.

Swali langu sasa. Wanaopaza sauti ni kumi, labda kumi na wawili. Wale wengine arobaini nawajuaje? Kupita kwenye madawati siwafikii wote.

---

Mama Vekta

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi mno.

Kwa hilo kuna njia ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliyeanza kuitumia mwaka 1991. Unauliza swali moja la kuchagua, lisilohitaji kukokotoa. Kila mmoja anajibu peke yake. Kisha wanageukiana na jirani kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake, halafu wanajibu tena. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 mara ya kwanza, usiwape mjadala, rudia kueleza. Wakiwa kati ya 30 na 70, waache wajadiliane, hapo ndipo panapozaa. Zaidi ya hapo, fafanua kidogo usonge mbele. Mazur alianza bila mashine yoyote, kwa kuinua mikono na kadi.

Hasara ya mikono ni kwamba anayesitasita anamtazama anayejua kisha anainua. Waambie wafumbe macho, au waweke vidole kifuani: kimoja A, viwili B.

---

Bi_Saketi

Nikiongezea hapo: Plickers, programu ya simu ya kukusanya majibu. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro wa miraba, kila kadi na mchoro wake. Pande nne zimeandikwa A, B, C, D kwa herufi ndogo sana, jirani haoni. Anaigeuza jibu lake likae juu, wewe unapitisha kamera ya simu yako darasani na kila jibu linaingia kwa jina. Mwenye kifaa ni wewe tu. Kuna seti ya kadi 63, kwa hiyo darasa lako linaenea. Chapisha kwenye karatasi ya kawaida, zile za kupakwa plastiki zinang'aa na kamera inashindwa kusoma. Maswali yaandae siku una intaneti, na bando kidogo la simu liwepo.

Majina nakushauri uandike namba zao za daftari la mahudhurio. Majina kamili ya watoto hayana sababu ya kukaa kwenye akaunti ya mtandaoni.

---

MwalimuWaGrafu

Asanteni sana. Nitaanza na vidole kifuani wiki hii huku natafuta pa kuchapisha kadi. La mwisho: mada inayofuata ni kutatua milinganyo sambamba, yaani miwili ya x na y inayotatuliwa kwa pamoja, kwa kuondoa herufi moja. Hapo nako nitumie GeoGebra?

---

Mama Vekta

Dakika tano za mwanzo tu. Andika milinganyo miwili, mistari itokee, waone kwamba jibu wanalolitafuta ni nukta mistari inapokatana. Waulize kabla: kuna uwezekano wa kukosa jibu? Mistari sambamba ya juzi watakutajia wenyewe. Kuna uwezekano wa majibu yasiyo na idadi? Hapo watakwama kidogo, wape 2x + 4y = 6 na x + 2y = 3, wakae nayo.

Baada ya hapo zima. Kuondoa herufi ni kazi ya mkono, ya kuandika mstari chini ya mstari, na mwanafunzi anatakiwa akuone ukisita, ukiangalia alama ya kutoa, ukirudi kuhakiki. Hiyo ifanye kwa chaki, taratibu, ubao ukiwa umefutwa vizuri.