Mjadala: Majina ya mahali, kila fani ibaki na istilahi zake au tuwe na za pamoja?

Wadau, kuna wanaosema kwenye kusoma majina ya mahali kila fani ibaki na maneno yake, wanaisimu na yao, wanajiografia na yao, tutaelewana tu. Mimi nakataa, hatuelewani, tunadhani tu tunaelewana.

Chukua mto Danube. Mjerumani anauita Donau, Mhungari Duna, Mserbia Dunav, Mromania Dunărea. Mwanaisimu hapo anaona jina moja la zamani sana lililobadilika sauti kila lugha, mchora ramani anaona majina manne na nafasi ya kuandika ni finyu, mtu wa kanzidata yeye anaona kitu kimoja chenye namba moja na hayo mengine yote ni vibadala. Sasa hao watatu wakiambiwa "sanifisheni jina" kila mmoja anaenda kufanya kazi yake tofauti!

Na endonimu (jina la mahali kwa lugha ya wenyeji wa pale) na eksonimu (jina la mahali hapo kwa lugha ya watu wa nje) ndio balaa zaidi. Eksonimu ni neno la mwanajiografia Marcel Aurousseau, 1957, Umoja wa Mataifa wakalichukua, na mkutano wao wa London 1972 ukataka eksonimu zipunguzwe. Kwahiyo sio mambo ya kamusi tu, jina likishaitwa eksonimu tayari limewekwa pabaya. Nchi kavu ni rahisi, Deutschland ni endonimu maana ndio lugha ya pale, Ujerumani ni eksonimu yetu. Haya, baharini je? Baltiki Mjerumani anaiita Ostsee yaani bahari ya mashariki, Mestonia anaiita Läänemeri, bahari ya magharibi, na wote wako sahihi kwa walipo. Katikati ya maji hakai mtu, lugha ya pale ni ipi? Mwanasheria atakuhesabia maili 12 za baharini kutoka ufukweni, kwamba hadi hapo ni eneo la nchi husika, mwanajiografia wa utamaduni atakwambia bahari ni ya wanaoitegemea kuishi, na wote wanatumia neno hilohilo endonimu.

— Mkuu nakupinga kidogo. Ukilazimisha fasili moja utatuumiza sisi wa historia. Königsberg, mji uliokuwa wa Ujerumani, ilikuwa endonimu kabisa, 1946 Wasovieti wakauita Kaliningrad na baadaye Wajerumani waliobaki wakaondolewa. Kwa fasili ya leo Königsberg ni eksonimu, sasa nyaraka zote za nyuma tunazisomaje?

— Umenipa mfano mzuri kuliko wangu aisee, ila naona unanisaidia mimi. Tatizo hapo sio kuwa na fasili moja, ni kwamba fasili haina mwaka ndani yake. Tukikubaliana kwamba endonimu ni lazima useme ya lugha gani na ya lini, mwanahistoria anapata chake na mchora ramani chake, na hakuna aliyenyang'anywa neno. Ile ya bahari ndio bado sijapata jibu linaloniridhisha, nani ana hoja, maili 12 au wanaoitegemea?